Malkia hakuwa anatoka, alikuwa anaingia: kisa cha Annie Leibovitz, BBC na vipande viwili vya video

Julai 11, 2007, London. Bosi wa BBC One wakati huo, Peter Fincham, kawaita waandishi wa habari kuwaonesha vipindi vya msimu unaokuja, kitu cha kawaida kabisa kila stesheni kubwa inafanya, na katikati ya zile klipu akawawekea trela ya dokumentari mpya kuhusu Malkia Elizabeth wa Pili. Kwenye trela Malkia yuko Buckingham Palace anapigwa picha na Annie Leibovitz, yule mpiga picha maarufu wa Marekani. Kavaa joho zito la bluu la Garter, ile heshima ya juu ya ushujaa ya kifalme Uingereza, tiara ya almasi iko kichwani. Annie anamwambia kwa upole kwamba anadhani itapendeza zaidi bila taji, itakuwa haijapambwa sana, na Malkia anamrukia hapohapo, "Haijapambwa sana? Unadhani hili ni nini?" huku akionesha lile joho. Kata. Kipande kinachofuata Malkia anatembea koridoni kwa haraka na anasema, "Sibadilishi kitu chochote. Nimeshavaa hivi vya kutosha, ahsante sana."

Ukivitazama hivyo vipande kwa mfuatano huo huwezi kufikiria kitu kingine zaidi ya kwamba Malkia kasusa, kaambiwa avue taji, kakasirika, kaondoka zake. Na Fincham mwenyewe ndivyo alivyowaeleza waandishi, kwamba watamuona Malkia anapandisha hasira na kutoka. Kesho yake stori ikawa kurasa za mbele.

Shida ni moja. Kile kipande cha koridoni kilirekodiwa KABLA. Malkia hakuwa anatoka kwenye chumba cha picha, alikuwa anaelekea huko. Maneno yake kuhusu kuvaa alikuwa anamwambia mtu aliyekuwa anatembea naye njiani, Annie hajaomba kitu chochote bado, hata salamu hawajapeana.

Mimi kazi yangu ni kukata video, harusi, mahojiano, matangazo madogo madogo, na hiki kisa ndo huwa nawapa vijana wanaokuja kujifunza kuediti kabla hawajagusa chochote kwenye taimlaini. Najua kwa wengi hii ni stori ya zamani ya wazungu na malkia wao. Kwangu mimi ni kisa bora kabisa cha kueleza picha ya mtu ina maana gani, na nani ana haki ya kuichezea na mpaka wapi, kwa sababu kutokana na siku moja ileile, mtu yuleyule, kulifanyika mambo mawili ya kubadilisha uhalisia, moja likasifiwa na jingine likawatoa watu kazini. Nitafika huko, kwanza tuone siku yenyewe ilivyokuwa.

Ilikuwa Machi 28, 2007. Malkia alikuwa na miaka 80, anakaribia 81 mwezi unaofuata. Mwezi Mei alikuwa anakwenda Marekani kwa ziara ya kiserikali, ikiwemo kule Jamestown, Virginia, kwenye kumbukumbu ya miaka 400 ya Waingereza kufika pale, na ikulu ikaona picha rasmi ya ziara hiyo ipigwe na Mmarekani. Annie akawa Mmarekani wa kwanza kuombwa na ikulu kupiga picha rasmi ya Malkia. Alipewa muda mfupi sana, kama dakika 25 hivi, na ndani ya huo muda anataka picha zaidi ya moja, mavazi tofauti, na moja wapo ndani ya White Drawing Room na mwanga unaoingia kutoka dirishani. Kwa anayejua kazi hii, dakika 25 na mteja wa kawaida ni mbio, sasa fikiria mteja ambaye huwezi kumwambia hebu geuka kidogo mama, huwezi kumgusa bega, na kila vazi lake linahitaji watu wa kulipanga.

Annie baadaye alieleza mwenyewe kwamba Malkia alichelewa, kisha akaingia kwa mwendo wa kasi, kasi ambayo yale majoho yanaruhusu, huku akinung'unika ni kwa nini anavalishwa mazito yale mchana kweupe. Kwa hiyo ndiyo, alikuwa hana raha. Hili tusilifiche. Bibi wa miaka 80 kavalishwa velveti nzito inayoburuta chini, tiara imebanwa kwenye nywele, anajua kuna mtu anamsubiri na kamera, na pembeni kuna kamera nyingine ya video inamrekodi akirekodiwa. Nani asingenung'unika.

Lakini alikaa. Hili ndo trela ilimpora. Aliingia, akanung'unika, akamjibu Annie jibu la mkato kuhusu taji, halafu akaendelea na kazi mpaka ikaisha. Miongoni mwa picha za siku ile iko ile ambayo Malkia kasimama na koti zito jeusi la kibaharia lenye vifungo vya dhahabu, kichwa wazi, tiara haipo. Nadhani ndiyo picha kali kuliko zote alizopigwa uzeeni. Hana pambo lolote kichwani, nywele nyeupe, nyuma yake miti na mawingu yaliyokunjamana, na bado huwezi kumkosea ukadhani ni mtu mwingine. Aliyesusa na kuondoka hapigwi picha ile.

Sasa vipande vilipinduka vipi? Dokumentari ilikuwa inatengenezwa na kampuni ya nje, RDF Media, kwa ajili ya BBC. Miezi michache kabla, mkuu wa ubunifu wa RDF, Stephen Lambert, alikata kanda fupi ya kuwaonesha wanunuzi wa nje kwenye soko la televisheni la Cannes. Kanda ya kuuzia. Kila mtu kwenye hii biashara anazijua, unachukua vipande vitamu, unavipanga vivutie, mnunuzi anaona ladha ya kipindi na anafungua mkoba. Ndani ya kanda hiyo ndipo kipande cha koridoni kiliwekwa baada ya kile cha taji. Lambert alikuja kukiri kwamba alikata bila umakini, na namuamini, kwa sababu najua hali ile, uko na mashine usiku, unatafuta mdundo, vipande viwili vinagusana na ghafla vinaleta stori, unajisikia vizuri, unaacha. Hakuna aliyekaa akasema tumchafue Malkia, hata ripoti ya uchunguzi uliofanyika baadaye ilisema hivyo.

Halafu kanda ikasafiri. Na hapa naomba tukae kidogo maana ndo penye ugonjwa wenyewe. Kanda ya kuuzia ilipoondoka mikononi mwa aliyeikata haikuwa na alama yoyote, hakuna karatasi, hakuna maelezo kwamba mfuatano humu si wa kweli. BBC walipohitaji vipande vya kuonesha waandishi, vilivyofika kwao ni hivyohivyo vilivyokuwa vimeshapinduliwa. Watu wa BBC wakavipokea kama ukweli. Kila mkono ulioipokea ile kanda uliamini mkono uliotangulia ulishakagua, na kila aliyeitazama akaona kitu kinachoeleweka kabisa, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kuuliza. Kosa la kuediti likishafanya stori ieleweke vizuri linakuwa halionekani tena. Ingekuwa sauti imekatika au rangi imeharibika mtu angepiga simu. Malkia kukasirika na kutoka ni stori iliyokamilika, nani aombe mkanda ghafi akaangalie saa zilizoandikwa?

Mtu mmoja tu angefungua faili ghafi, akasoma muda wa kurekodi uliopo pembeni ya kila klipu, yangeisha hapo, kwa sababu kamera inaandika muda na muda haubishani.

Jambo la pili ni usiku ule. Ripoti ilikuja kuonesha kwamba jioni ya Julai 11 yenyewe, kama saa moja usiku, pande zote mbili, BBC na RDF, zilishajua kwamba mfuatano wa trela haukuwa sahihi. Magazeti ya kesho hayajachapwa bado! Wakakubaliana wasitoe tamko usiku ule, wasubiri asubuhi. Mimi hapa ndipo ninapokosa kabisa huruma. Kukata vibaya ni uzembe, unaweza kuusamehe. Kujua saa moja usiku kwamba dunia nzima kesho itasoma uongo kuhusu mtu, na ukaamua kulala kwanza, huo ni uamuzi. Asubuhi stori ilishazunguka kila kona, na tamko la kuomba radhi lilipotoka Julai 12, BBC wakimuomba radhi Malkia pamoja na Annie, likawa lenyewe ni stori ya pili kubwa kuliko ya kwanza.

Na wakati ulikuwa mbaya kuliko wote. Siku mbili tu kabla, Julai 9, Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji Uingereza, iliipiga BBC faini ya pauni 50,000 kwa sababu ya kipindi cha watoto, Blue Peter, ambako simu ziligoma kwenye shindano na mtoto aliyekuwa ametembelea studio akapewa ajifanye ndiye mshindi aliyepiga. Kwa hiyo watu walikuwa tayari wanaiangalia BBC kwa jicho la kando, halafu linakuja hili, na safari hii aliyeguswa ni Malkia.

Aliyepewa kuchunguza ni Will Wyatt, mtu aliyewahi kuwa kiongozi mkubwa ndani ya BBC. Ripoti yake ilitoka Oktoba 5, 2007, na siku hiyohiyo Fincham akajiuzulu, Lambert naye akaondoka RDF. Kabla ya hapo BBC na mshindani wake ITV zilishasimamisha kazi mpya kwa RDF. BBC ikapeleka maelfu ya wafanyakazi kwenye mafunzo ya uaminifu kwa watazamaji. Dokumentari yenyewe ilirushwa Novemba kwa jina jingine. Na maisha yakaendelea, Fincham mwaka uliofuata alienda kuongoza televisheni upande wa ITV, Lambert akaanzisha kampuni yake iliyokuja kufanya vizuri sana.

Haya, sasa turudi kwenye ile picha ya koti jeusi, maana kuna kitu sijakisema. Ile miti nyuma ya Malkia, yale mawingu, Malkia hakuwepo pale. Alipigwa ndani, mbele ya pazia la rangi ya kijivu. Bustani ya ikulu Annie aliipiga kivyake, bila Malkia, kisha vikaunganishwa kwenye kompyuta. Alitamani kumpiga nje, haikuwezekana, akaleta nje ndani. Kwa maneno makavu kabisa, picha rasmi ya Malkia wa Uingereza inaonesha kitu ambacho hakikutokea.

Na hakuna aliyejiuzulu. Picha ikatundikwa, ikasifiwa, na mimi nimeshaisifu hapo juu bila aibu. Wanafunzi wangu kila mara hapa wananibana, wanasema kaka mbona unabagua, huyu kaunganisha vitu viwili ambavyo havikuwa pamoja na yule kaunganisha vitu viwili ambavyo havikuwa pamoja, kosa si lilelile? Swali zuri sana na lina haki ya kujibiwa vizuri.

Kwanza tuangalie ilikotoka. Juni 2, 1953, siku ya kutawazwa, mpiga picha Cecil Beaton alimpiga Malkia na taji, fimbo na tufe la dhahabu, nyuma yanaonekana matao ya kanisa la Westminster Abbey. Ile picha imeonekana duniani kote. Haikupigwa kanisani. Ilipigwa Buckingham Palace, baada ya sherehe, na yale matao ni pazia lililochorwa. Beaton huyohuyo mwaka 1968 akampiga na koti la kibaharia, kavu, bila mapambo, mbele ya rangi tupu, na nyuma zaidi yuko mchoraji wa Kiitaliano Pietro Annigoni, ambaye mwaka 1954 na 1955 alimchora kwenye joho la Garter akiwa amesimama peke yake mbele ya mandhari ya wazi yenye miti na anga kubwa. Ukiweka ya Annigoni na ya Beaton ya 1968 pembeni ya ile ya Annie unaona kabisa Annie alikuwa anaongea na hao wawili. Koti limetoka kwa mmoja, anga limetoka kwa mwingine. Portreti ya mfalme au malkia haijawahi kuahidi kwamba mandhari ya nyuma ni ya kweli. Inaahidi kitu kingine, kwamba huyu mtu alikaa mbele ya huyu msanii, akakubali kutazamwa, na huu ndio uso wake.

Na Malkia huyu alikuwa anajua uzito wa uso wake kuliko mtu yeyote, toka Februari 1952, wiki chache tu baada ya baba yake kufariki na yeye kupata habari akiwa Kenya, kule Sagana, alishakaa mbele ya kamera ya Dorothy Wilding kwa ajili ya picha za stempu. Wazee wetu wengi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walimjua kwa stempu kabla hawajawahi kuona gazeti lenye picha yake, kile kichwa kidogo pembeni ya twiga. Uso wake ulikuwa kazi yake. Kwa hiyo alikuwa anajua nini anatoa na nini hatoi.

Ndo hapo tofauti ilipo kwa mtazamo wangu. Annie kubadilisha miti hakumsemea Malkia neno lolote. Malkia alijua anapigwa mbele ya pazia, hakuna tendo lake lililobadilishwa, hakuna sentensi iliyowekwa mdomoni mwake. Trela ilimfanyia tendo. Alisema maneno yale kweli, kwa sauti yake kweli, alitembea kweli, kila fremu ni halisi asilimia mia, na bado matokeo ni kwamba alifanya kitu ambacho hakukifanya. Unapobadilisha nini kilianza na nini kilifuata unabadilisha sababu, na ukibadilisha sababu umebadilisha tabia ya mtu. Kunung'unika unapoelekea kazini halafu ukaifanya ni uvumilivu. Kunung'unika ukiondoka ni jeuri. Maneno ni yaleyale.

Kuna mfano mwingine naupenda, wa msanii Chris Levine. Mwaka 2004 kisiwa cha Jersey kilimpa kazi ya portreti ya Malkia kwa ajili ya miaka 800 ya utiifu wa kisiwa kwa taji la Uingereza. Alikuwa anaacha kamera wazi ipokee mwanga kwa muda mrefu, sekunde 8 kila picha, kwa hiyo Malkia anatakiwa atulie kabisa, na katikati ya picha na picha akamwambia apumzishe macho. Malkia akafumba macho. Levine akapiga. Ile picha ya macho yaliyofumba ikaja kuwa moja ya picha zake maarufu kuliko zote, na kwa karatasi ni wakati ambao haukuwa sehemu ya kazi, ni mapumziko. Lakini ni kweli alifumba, kweli alikuwa ametulia, na picha inasema hivyohivyo. Ingekuwa mtu kachukua macho yale yaliyofumba akayabandika kwenye kikao cha bunge tungesema Malkia kasinzia, pikseli zilezile, uongo mtupu.

Kuna watu wanatetea trela kwa kusema ah, si alikuwa kakasirika kweli, wamekosea nini kikubwa. Nawaelewa ila siwakubali. Alikuwa mkali, ndiyo, na Annie mwenyewe hakuficha, tena alisema alimpenda kwa ukali ule. Ukionesha kipande cha taji peke yake kama kilivyo, una televisheni nzuri tayari, una bibi wa miaka 80 anamjibu mpiga picha mkubwa duniani bila kupepesa. Hakikuhitaji msaada. Ndo kinachoniuma kama mkataji, mali ghafi ilikuwa nzuri kuliko walichotengeneza. Mfuatano wa kweli, anaingia analalamika, anajibu kwa mkato, anabaki, anatoa picha kali, ni stori yenye tabaka nyingi zaidi kuliko kususa, na ndiyo ingemuonesha Malkia vile alivyokuwa, mtu wa kazi hata siku ambayo hana hamu nayo.

Machi 2024 mjadala ulirudi kwa mlango mwingine, mashirika ya habari yalipoondoa picha ya Kate, mke wa William mjukuu wa Malkia, na watoto wake kwa sababu ilikuwa imeeditiwa, na muda mfupi baadaye Getty, wakala wa picha, wakaweka alama kwenye picha nyingine aliyopiga Kate, ya Malkia akiwa Balmoral, kasri lake la Scotland, mwezi Agosti 2022 na wajukuu na vitukuu, kwamba nayo ilibadilishwa kidijitali kabla ya kutumwa. Vijana wakaniuliza tena, je hii ni kama miti ya Annie au kama koridoni ya RDF. Nikawaambia inategemea imetolewa kama nini. Msanii akitoa portreti na jina lake, kila mtu anajua ni portreti. Picha ya familia ikipelekwa kwa mashirika ya habari inasomwa kama ushahidi kwamba hawa watu walikuwa pamoja, hivi, wakati huu, na wahariri wana haki ya kuidai iwe hivyo. Kurekebisha nywele na mistari ya sketi hakujamfanya mtu atende asichotenda, kwa hiyo siiweki kwenye fungu moja na trela, lakini Getty walifanya sawa kuweka ile alama, maana hicho ndicho ile kanda ya Cannes ilikikosa tangu mwanzo, mstari mmoja tu kwenye lebo unaosema humu ndani kuna kitu kimehamishwa.